Doa la Kaakaani

 

Mwislamu anayetia udhu kwa kila swala hukisukutua kinywa chake mara kumi na tano kwa siku. Akiwa ni mtu wa mswaki, huongeza juu yake mara tano nyingine za kuupitisha mti kwenye meno na fizi. Hatujui kiungo kinachopitiwa na maji na mkono kwa wingi namna hiyo, na juu ya hayo ni wachache kati yetu wanaoweza kueleza kaakaa lao lina rangi gani. Tuliwauliza wanaume wa darasa letu la baada ya alasiri, wakacheka. Tukamwomba mwenzetu wa nyumbani awaulize wanawake, nao wakacheka.

Leo tunakusudia kuzungumzia maradhi yanayokaa hapohapo, juu ya ulimi, mahali ambapo mwenyewe hapaoni bila kioo na taa. Madaktari huyaita melanoma ya kinywa. Ni maradhi adimu, na wengi watakaosoma makala haya hawatayaona maishani mwao, inshaallah. Sisi tuliyaona kwa mtu mmoja tu, na huyo mmoja alitutosha.

Ugumu wa kwanza ni rangi yenyewe. Sisi watu weusi tumeumbwa na fizi zenye weusi. Kwa wengine weusi huo umetanda ufizi wote kama wanja, kwa wengine umekuwa mabaka mabaka, na wako walio na madoa kwenye mashavu ya ndani na kwenye kaakaa tangu utotoni. Hayo si ugonjwa, ni maumbile. Lakini ndipo maradhi haya yanapopata pa kujibanza. Doa jeusi katika kinywa chekundu huonekana hata na mtoto. Katika kinywa chenye weusi wake wa asili, mtu hulipita kila siku akidhani ni lake.

Ndani ya ngozi zetu, na ndani ya utando laini unaokifunika kinywa, Mola ameweka seli zinazotengeneza rangi. Seli hizo zikiasi, zikazaana bila mpaka na kuvamia nyama iliyo jirani, hiyo ndiyo melanoma, na jina lake limetokana na neno la Kiyunani lenye maana ya weusi. Melanoma inayojulikana zaidi duniani ni ile ya ngozi, inayowapata sana watu weupe waliochomwa na jua. Ya kinywani ina mwendo wake. Jua halifiki kaakaani, na mpaka leo chanzo chake hakijafahamika. Haifiki hata moja katika kila melanoma mia. Hupenda kaakaa gumu na ufizi wa juu, na huwapata zaidi waliovuka miaka arobaini. Tena, mara nyingi haiumi mpaka imekwisha kwenda mbali, na hapo ndipo hatari yake ilipo.

Tunajua baadhi ya wasomaji watasema: hiyo ni adhabu ya tambuu. Tambuu ina kesi yake, na si hii. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilichapisha mwaka 2004 uamuzi wake kwamba popoo husababisha saratani, na tumbaku ilikwisha hukumiwa zamani. Lakini saratani ya vitu hivyo ni ya aina nyingine, inayoanza zaidi kama kidonda au ukoga mweupe au mwekundu shavuni na pembeni mwa ulimi. Mabibi zetu wa Lamu na wa Mji wa Kale watuwie radhi kwa kulitaja jambo hili. Wenye vinywa safi kabisa nao huipata melanoma.

Wala si maradhi ya Wazungu peke yao. Mwaka 1967 madaktari wawili waliofanya kazi Uganda, Broomhall na Lewis, walichapisha katika jarida la upasuaji la Uingereza taarifa juu ya melanoma ya kinywa kwa Waafrika wa Uganda. Mwaka huohuo Lewis aliandika pia juu ya madoa meusi ya nyayoni na melanoma inayoota hapo. Kwa hivyo karibu miaka sitini iliyopita, hapa hapa kwetu Afrika ya Mashariki, ilikwisha andikwa kwamba kwa mtu mweusi melanoma hutafutwa pale tusipotazama: chini ya unyayo, chini ya ukucha, ndani ya pua, ndani ya kinywa. Vijana watamkumbuka Bob Marley, mwanamuziki wa Jamaika. Melanoma yake iligunduliwa mwaka 1977 chini ya ukucha wa kidole cha mguu, mahali palipodhaniwa kuwa ni jeraha la mpira. Alifariki tarehe 11 Mei 1981, akiwa na miaka 36.

Sasa tuwapeleke wasomaji Londiani.

Mji huu uko katika Kaunti ya Kericho, zaidi ya mita elfu mbili juu ya usawa wa bahari, kwenye njia ya zamani ya reli iliyofika Kisumu mwaka 1901. Watu wa pwani wakisikia Kericho hufikiri chai tupu. Chai iko, lakini huanza mbele, ukiteremka kwenda Kericho kwenyewe. Londiani ni misitu, mahindi na viazi, na chuo cha misitu kilichoanzishwa mwaka 1957. Baridi yake hatukuizoea kamwe. Tulikaa huko miaka minne tukifundisha katika madrasa ndogo, na kila alfajiri maji ya udhu yalitukumbusha Mombasa.

Waislamu wa huko si wengi. Darasa la wanawake lilikuwa na watu kumi na wawili, nao walikaa nyuma ya pazia, kwa hivyo sisi tuliwajua kwa sauti. Mmoja wao alikuwa mke wa mzee anayeuangalia msikiti. Alikuwa Mkipsigis kwa kuzaliwa, aliyeingia katika Uislamu alipoolewa, na aliianza alifu akiwa amevuka miaka arobaini. Lugha ya mama yake haina herufi shini. Mwaka mzima wa kwanza alisoma sini mahali pa shini, na sisi tulimrudisha, na yeye alirudi, bila kuchoka wala kukasirika. Siku ilipomtoka shini iliyo kamili, wenzake nyuma ya pazia walipiga vigelegele.

Wanaojua tajwidi wanafahamu kwamba jimu, shini na ya hutoka mahali pamoja: katikati ya ulimi, pamoja na kaakaa lililo juu yake. Ilikuwa Shaabani ya mwaka 1439, yaani mwisho wa Aprili 2018, tulipoona kwamba shini ya mama yule imeharibika. Haikuwa imerudi kuwa sini. Ilikuwa shini iliyozibwa, yenye upepo unaopita ubavuni. Siku mbili baadaye jimu nayo ikawa hivyo.

Tukamwuliza kwa upole, "Mama, shini yako imekwenda wapi?"

Akajibu kutoka nyuma ya pazia, "Maalim, ulimi unagota kitu."

"Kitu gani?"

"Kama kipande cha ugali kilichoganda juu. Kiko tangu mwaka jana, lakini sasa kimekua."

Tangu mwaka jana! Baada ya darasa tulizungumza na mumewe, na hapo tukasikia mengi. Yeye mzee aliamini kwamba mkewe aliunguzwa na chai. Londiani chai hunywewa ikiwa inatokota, na kila mtu huko amewahi kuvuliwa ngozi ya kaakaa. Majirani walikuwa na maelezo yao: mkaa wa mursik. Wakipsigis huyagandisha maziwa ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti maalumu, hata maziwa hutoka na rangi ya kijivu. Anayekunywa mursik tangu utotoni, walisema, ataachaje kuwa na doa jeusi kinywani? Maelezo yote mawili yalikuwa na akili ndani yake. Ila kuungua kwa chai hupona ndani ya siku chache, wiki mbili zikizidi sana, na mkaa huondoka kwa kusukutua. Doa la mama yule lilikuwa limesukutuliwa mara kumi na tano kwa siku kwa mwaka mzima.

Alikuwa amekwenda katika kliniki moja ya njiani. Akapewa maji ya kusukutulia na vidonge vya kuua viini. Akarudi, akapewa tena. Mara ya tatu waling'oa jino lililo karibu na doa. Doa likabaki.

Kisha yakaja maneno. Kuna saratani nyingine iitwayo Kaposi, inayoweza kutokea kaakaani kama baka la zambarau au jeusi, na hujulikana sana kwa watu wenye virusi vya UKIMWI. Mtu fulani aliyewahi kumwona mgonjwa wa namna hiyo akasema neno sokoni, na neno la sokoni halirudi nyumbani peke yake. Mama yule akaanza kujifunika mdomo kwa ushungi hata mbele ya wanawake wenzake. Mumewe alipotusimulia hayo alikuwa akiangalia chini. Walikwisha pimwa wote wawili, akasema, na majibu ni salama, lakini angeyabandika wapi majibu yale ili watu wayasome? Ni wangapi katika miji yetu wanaoficha maradhi yanayotibika kwa kuogopa jina la maradhi wasiyokuwa nayo? Na hata angekuwa nayo, yangemharamishia nini katika heshima yake?

Tulimwomba mwenzetu wa nyumbani akamtazame. Alikwenda na tochi ya simu na kijiko. Aliporudi alikaa kitambo kabla ya kusema. Doa, alisema, ni kubwa kuliko punje ya haragwe, liko kaakaani upande wa kulia karibu na ufizi. Kingo zake hazikunyooka, zimekatikakatika kama ramani. Upande mmoja ni kahawia, katikati ni jeusi la kuelekea buluu, na mahali pengine pana rangi asiyoweza kuipa jina. Katikati pameinuka. Upande wa kushoto wa kaakaa hauna chochote.

Hilo la mwisho lina maana kubwa, na tunaomba kina mama walishike. Weusi wa maumbile kwa kawaida hufanana kulia na kushoto, umelala sawasawa na nyama, na uko vilevile tangu mtu apate akili. Lisilokuwa hivyo lina haja ya kuonekana na daktari: lililo upande mmoja tu, lililozuka ukubwani, linalokua, lenye rangi zaidi ya moja, lililoinuka, linalotoka damu, au lililo karibu na jino linalolegea bila sababu. Si kila doa la namna hiyo ni saratani. Jino lililozibwa kwa madini ya rangi ya fedha linaweza kuacha doa la kijivu kwenye ufizi wa jirani. Sigara huziongezea weusi fizi za mbele. Klorokwini ikitumiwa muda mrefu inaweza kulitia kaakaa rangi ya kijivu ya kuelekea buluu. Na kuna kinyume chake kinachosumbua zaidi: ziko melanoma za kinywa zisizo na weusi wowote, nyekundu kama nyama ya kawaida, ambazo hata daktari huweza kuzidhania kitu kingine. Ndiyo maana jicho peke yake halihukumu hapa, liwe la mama nyumbani au la daktari hospitalini. Kinachohukumu ni kipande cha nyama chini ya hadubini.

Kukatwa kipande ndiko kulikotugombanisha na mzee wetu. Alikubali safari, akakubali daktari, lakini alikataa kisu. "Maalim," alisema, "uvimbe ukiguswa na chuma hukasirika. Nimeona kwa ndugu yangu." Imani hii tumeikuta Londiani kama tulivyoikuta Malindi, Kwale na kila mahali. Watu humwona mgonjwa amekatwa kipande, kisha wanamwona akifa, wakafunga hayo mawili kwa kamba moja. Hawaioni miezi aliyokaa nyumbani kabla ya kukatwa. Waliolifuatilia jambo hili katika melanoma ya ngozi hawakukuta kwamba kukata kipande cha kupima kunayafupisha maisha ya mgonjwa. Tulimwambia mzee kwamba Mtume (s.a.w.) aliwaelekeza umma wake kutafuta tiba, na mwenye kutafuta tiba ya kitu asichokijua atamwambia daktari amtibu nini?

Akabaki na neno moja, lililokuwa ndilo zito zaidi kwake: daktari wa Nakuru ni mwanamume, naye atatia vidole katika kinywa cha mkewe. Hapa hatukuwa na shaka. Mafakihi wametaja wazi kwamba mwanamke hutazamwa na tabibu mwanamke akipatikana, na asipopatikana hutazamwa na mwanamume kwa kadiri ya haja, mahramu wake akiwapo. Mumewe alikuwapo. Alisimama pale kando ya kiti muda wote, akiishika kanzu yake isiguse vyombo.

Walikwenda Nakuru katika wiki ya pili ya Mei, pamoja na mwenzetu wa nyumbani. Mvua ya mwaka ule ndiyo iliyolivunja bwawa la Solai usiku wa tarehe 9 Mei na kuua watu zaidi ya arobaini, na matatu ya kutoka Londiani ilikwenda kwa mwendo wa punda. Daktari wa meno alilipima doa kwa rula ndogo, akalipiga picha, akaipapasa shingo yote kutafuta tezi zilizovimba, akaagiza eksirei ya taya aone kama mfupa umeliwa. Kisha akampiga sindano ya ganzi na kukata kipande kidogo, akashona nyuzi mbili. Mama yule alisema baadaye kwamba kung'olewa jino kulimuuma mara kumi kuliko hivyo.

Kipande chenyewe kina safari yake, na tulipoelezwa tulimshukuru Mola aliyewafundisha watu wasiyoyajua. Hutiwa kwenye chupa ya fomalini kisioze. Maabara hukigandisha ndani ya nta, hukikata vipande vyembamba vya unene wa sehemu chache za elfu za milimita, na kuvipaka rangi ili seli zionekane. Mtaalamu hutafuta seli zilizoharibika umbo, zenye chembe za kahawia ndani yake, na hutazama zimechimba kina gani. Wakati mwingine weusi ni mwingi hata huficha seli zenyewe, ikabidi kwanza ung'arishwe kwa dawa. Na zikiwa hazina rangi kabisa, hutumia dawa maalumu zinazozishika seli za melanoma na kuziacha nyingine. Majina yake ni ya tarakimu na herufi, S-100, HMB-45, na Melan-A. Kazi hiyo haifanyiki kwa siku moja. Familia nyingi hukata tamaa hapo kwenye kungoja, hazirudi kuchukua majibu, na jibu hubaki ndani ya faili.

Siku kumi na tisa zilipita, na Ramadhani ikawa imeingia. Majibu yalipotoka, watoto wake wakubwa walitujia na ombi: mama asiambiwe. Waseme ni uvimbe wa kawaida. Ombi hili hutolewa kwa mapenzi, nasi tunalijua, kwa maana hakuna mtoto anayetaka kuwa mjumbe wa habari kama hiyo kwa mama yake. Lakini hatukukubaliana nao. Mtu mzima mwenye akili ana madeni ya kulipa, ana saumu za kadha, ana amana za watu, ana wasia wa kuandika, na pengine ana watu anaotaka kusameheana nao. Anayemficha hali yake humnyang'anya wakati wa kuyafanya hayo. Tuliwaambia wamwambie kwa lugha ya mama yake, taratibu, mumewe akiwapo. Walipomwambia, alisema alijua tangu pale daktari aliponyamaza huku akiipapasa shingo.

Alipasuliwa Nairobi, na sehemu ya kaakaa la kulia ikaondolewa pamoja na meno matatu. Alipewa kifuniko cha plastiki kilichotengenezwa kwa kipimo cha kinywa chake, cha kuziba tundu lililobaki kati ya kinywa na pua. Bila kifuniko, chai ilitokea puani na maneno yote yalikuwa ya puani. Akiwa nacho aliweza kula, na kuzungumza kwa kueleweka. Gharama ilisaidiwa na bima ya serikali, ambayo mwaka ule ilikuwa NHIF, na tangu Oktoba 2024 nafasi yake imechukuliwa na SHA. Wanaongoja waugue kwanza ndipo wajiandikishe, waliyoyaona wenzao yawatoshe. Kwa wasomaji wetu wa pwani safari ni fupi zaidi: hospitali kuu ya Mombasa, ambayo wenyeji bado tunaiita Makadara, ina madaktari wa meno na kitengo cha saratani.

Baada ya kupona jeraha, swali lake la kwanza kwetu halikuwa juu ya umri uliobaki. Aliuliza kama Fatiha yake ni sahihi. Shini haimo ndani ya Fatiha, tulimwambia, na tulisikia akicheka nyuma ya pazia kwa mara ya kwanza tangu Shaabani. Lakini jimu haimo pia, akatukumbusha, na ya imo, tena mara nyingi. Alikuwa mwanafunzi kweli. Tulimjibu kama walivyoandika wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafii: asiyeweza kuitoa herufi kwa kasoro ya ulimi au kinywa, na hana njia ya kuirekebisha, swala yake ni sahihi kama alivyo. Mola hamkalifishi mtu jambo asiloliweza. Lakini anayeisoma Fatiha sawasawa hamfuati katika swala mwenye kuigeuza herufi. Na yeye ndiye aliyekuwa akiwaswalisha binti zake nyumbani, akisimama katikati ya safu yao kama ilivyo kwa wanawake.

Hilo lilimuumiza kuliko upasuaji, na hatukuwa na la kumfariji ila hukumu yenyewe. Ramadhani iliyofuata, ya mwaka 2019, aliyewaswalisha tarawehe ni binti yake mkubwa, naye mama akawa maamuma. Mwanamke katika swala humtanabahisha imamu wake kwa kupiga kofi, kiganja cha kulia juu ya mgongo wa mkono wa kushoto. Binti alituambia kwamba makofi ya mama yake mwezi ule hayakuwa na hesabu. Hakuacha hata madda moja ipite.

Akauliza pia kama kifuniko kitolewe kila akitia udhu. Kusukutua kwetu ni sunna, si faradhi, wala katika josho la janaba si faradhi, kwa hivyo hakulazimika. Alikitoa hata hivyo mara moja kwa siku, kabla ya alfajiri, akakiosha, na binti akalimulika kaakaa lake kwa tochi, kwa kuwa daktari aliwaagiza watazame kingo za jeraha. Ni katika kutazama huko walipoliona doa jipya, mwisho wa mwaka 2020. Wanaofikisha miaka mitano na maradhi haya ni wachache, chini ya robo katika hesabu nyingi za madaktari, na yanapogunduliwa yakiwa yamekwisha chimba ni wachache zaidi.

Alifariki katika Rajabu ya mwaka 1442, Februari 2021. Kwa sheria za korona za wakati ule tulimswalia tukiwa watu wachache. Kabla ya hapo wanawake waosha walituma mtu atuulize juu ya kile kifuniko: aoshwe nacho au kitolewe? Tulijibu kwamba kikitoka kwa upole bila kumwumiza maiti kitolewe, na kisipotoka kiachwe. Kilitoka.

Binti zake watatu walikwenda kwa daktari wa meno mwaka uliofuata, wote kwa siku moja. Daktari aliwaambia kwamba maradhi haya hayajulikani kurithiwa kwa mama, lakini aliwatazama. Wa pili alikuwa na doa la kijivu kwenye ufizi wa chini, nalo likaonekana limetokana na jino alilozibwa akiwa shuleni. Limeandikwa kwenye kadi yake pamoja na kipimo chake, ili atakayelitazama mwakani ajue lilikuwa na ukubwa gani.